Grefye wa Baraka, 2011

Hapa kwetu Kavimvira, mtu akitaja tribinali tunawaza jaji na wakili. Grefye, yule karani anayekaa pembeni akiandika, hatumkumbuki. Ila sisi tuliotoka kambini Nyarugusu tunajua kazi ya namna ile: unaeleza safari ya siku tatu, karani anaandika mstari mmoja.

Mwezi wa pili 2011, kwa msaada wa wafadhili, mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini ilifanya vikao vyake Baraka, kuwasikiliza askari walioshtakiwa kwa ubakaji wa Fizi wa usiku wa tarehe 1 Januari. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Walisema kwa lugha zao. Daftari la kikao huandikwa Kifaransa. Mama akilia, akinyamaza, akianza upya, grefye anangoja. Machozi hayaingii daftarini. Kinachoingia ni siku, mahali, nani alifanya nini. Na jaji wa rufaa, ambaye hakuwepo, atamsikia mama kupitia karatasi hiyo.

Tarehe 21 Februari, Luteni Kanali Kibibi Mutware alipewa miaka 20 kwa jinai dhidi ya ubinadamu. Mahakama iliamuru pia fidia.

Hapo ndipo kalamu inauma. Kudai fidia kunataka karatasi, na karatasi inataka jina. Jina likiwa hivi kwenye kadi ya uchaguzi na vile kwenye daftari, ofisini watakuambia: mama, huyu si wewe.