Ufunguo Bila Mlinzi: Historia Fupi ya Kulinda Fedha, kutoka Soko Kuu la Bujumbura hadi Sarafu za Mtandaoni

Utangulizi

Zone Industrielle ya Bujumbura iko upande wa barabara iendayo Uvira, si mbali na bandari ya Ziwa Tanganyika. Wengi wanaijua kwa sababu ya kiwanda cha bia cha Brarudi, maghala, gereji, na malori yanayotoka Tanzania na Kongo. Huko Kirundi na Kiswahili husikika pamoja, kwa kuwa makanika, madereva na wachukuzi wengi wanatoka Buyenzi au wamevuka mpaka.

Kaka yangu anafanya kazi katika duka la vipuri eneo hilo. Mwaka 2023 tajiri wake alimwagiza amlipe muuzaji wa Dubai. Dola zilikuwa adimu benki, hivyo malipo yalifanyika kwa USDT, sarafu ya mtandaoni ambayo thamani yake hufuata dola ya Marekani. Kaka alinakili anwani ya muuzaji, akaibandika katika pochi yake ya kidijitali kwenye kompyuta ya duka, akatuma dola 1,140. Muuzaji hakupata kitu. Siku ya tatu ndipo tulipogundua kwamba anwani iliyobandikwa haikuwa ile iliyonakiliwa. Kompyuta ilikuwa na programu hasidi iliyobadilisha anwani kati ya kunakili na kubandika. Tunadhani iliingia pamoja na programu ya ankara isiyo na leseni, iliyoletwa kwa flashi.

Nilimshauri aende polisi. Alinijibu, "Nitawaambia nini? Kwamba nimeibiwa kitu nilichokatazwa kuwa nacho?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike insha hii. Hoja yangu ni kwamba katika historia yetu fedha hazikulindwa na kufuli peke yake. Zililindwa na kufuli pamoja na watu wa kuwaendea kufuli linapovunjwa. Sarafu za mtandaoni zimempa mtu mmoja ufunguo wote, na nchini Burundi marufuku ya mwaka 2019 ilimwondolea hata mahali pa kulalamika. Ndiyo maana maarifa ya kujilinda yamekuwa suala la jamii, wala si la mafundi wa kompyuta pekee.

Fedha na mashahidi wake

Kabla ya noti, mali kubwa ya Mrundi ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe aliyetolewa kwa ubugabire alijulikana na majirani: nani ametoa, nani amepokea, na kila mmoja ana wajibu gani kwa mwenzake. Mwizi angeweza kumswaga usiku, lakini asingeweza kuifuta habari ya kwamba ng'ombe yule ni wa fulani. Ulinzi ulikuwa katika kumbukumbu za watu.

Faranga ya Burundi ilianza mwaka 1964, baada ya kuvunjika kwa benki ya pamoja na Rwanda. Tangu hapo ushahidi ulihamia katika vitabu vya benki. Hata hivyo wafanyabiashara wengi wadogo waliendelea kuweka fedha karibu nao: chini ya godoro, ndani ya kibanda, katika sanduku la chuma. Tarehe 27 Januari 2013, siku ya Jumapili, Soko Kuu la Bujumbura liliungua. Bidhaa ziliteketea, na pamoja nazo fedha taslimu za watu waliokuwa wamefanya kibanda kuwa benki yao.

Miaka kumi baadaye likaja funzo jingine. Juni 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kuondoa katika mzunguko noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la mwaka 2018, na kuwapa watu siku kumi hivi kuzipeleka benki. Aliyekuwa ameficha fedha nyumbani aligundua kwamba kuficha si sawa na kulinda, maana thamani ya noti ilikuwa mikononi mwa aliyeitoa.

Matukio hayo mawili yanaonyesha udhaifu wa njia mbili za zamani. Fedha za sandukuni huungua. Fedha zinazotegemea taasisi hufuata amri ya taasisi. Sarafu za mtandaoni zilipofika, zilijitangaza kuwa dawa ya yote mawili.

Wizi uliozaliwa pamoja na sarafu

Maelezo ya kwanza ya Bitcoin yalitolewa tarehe 31 Oktoba 2008 kwa jina la Satoshi Nakamoto, na mfumo ukaanza kufanya kazi Januari 2009. Wazo lilikuwa kwamba watu watumiane fedha bila benki katikati. Lakini benki ikiondoka, mlinzi naye ameondoka.

Matokeo yalionekana mapema. Juni 2011 mtumiaji mmoja alitangaza kwamba amepoteza bitcoin 25,000 zilizokuwa katika kompyuta yake. Siku chache tu baadaye kampuni ya Symantec ilieleza programu hasidi iliyotafuta faili la pochi katika kompyuta ya mtu na kulituma kwa mwizi. Wakati huo faili hilo lilihifadhiwa wazi, bila nywila. Septemba mwaka huohuo toleo jipya la programu ya Bitcoin lilimwezesha mwenye pochi kuifunga kwa nywila. Yaani kufuli lilikuja baada ya wizi, kama kawaida ya historia.

Waliochoka kujilinda wenyewe walizipeleka sarafu zao kwenye masoko ya mtandaoni. Kubwa kuliko yote lilikuwa Mt. Gox, mjini Tokyo. Mwezi Februari 2014 liliomba kufilisika, likisema limepoteza bitcoin zipatazo 850,000. Baadaye 200,000 zilipatikana. Kwa hiyo wale waliokimbia benki walikuwa wamejitengenezea benki nyingine, tena isiyo na msimamizi.

Mwaka 2013 ulibuniwa utaratibu wa kuugeuza ufunguo wa pochi kuwa maneno ya kawaida, mara nyingi 12 au 24, yanayochaguliwa kutoka orodha ya maneno 2,048. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye fedha. Akiyapoteza, fedha zimekwenda. Mwingine akiyaona, zimekwenda vilevile. Hakuna kitambulisho wala saini ya kubishana nayo.

Burundi, mwaka 2019

Septemba 2019 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipiga marufuku biashara ya sarafu hizo, baada ya baadhi ya raia kupoteza fedha zao na kuomba msaada. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Benki Kuu ya Tanzania nayo ilitoa tangazo la kuzikataza. Sababu ya Burundi ilikuwa ya kweli: serikali haikuwa na njia ya kumlinda raia katika soko lile.

Lakini mahitaji hayakuisha kwa tangazo. Februari 2020 maduka binafsi ya kubadilisha fedha yalinyang'anywa leseni, na hayakuruhusiwa tena hadi mwaka 2022. Mfanyabiashara wa vipuri bado alihitaji kumlipa muuzaji wa ng'ambo. Baadhi yao wakaingia USDT kimyakimya. Sisemi hivi ili kumhimiza mtu kuvunja agizo la Benki. Nasema kama mwanafunzi wa historia: marufuku ilifunga mlango wa mbele, watu wakapita wa nyuma, na mlango wa nyuma hauna askari.

Tulinganishe na Uganda. Oktoba 2020 wadukuzi waliingia katika mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni iliyounganisha benki na huduma za fedha kwa simu. MTN, Airtel na benki ya Stanbic walisimamisha kwa muda baadhi ya miamala, kisha wakatoa taarifa ya pamoja kwamba salio za wateja hazikuguswa. Udukuzi ulikuwa mkubwa, lakini mteja wa kawaida alikuwa na ofisi ya kwenda kuuliza, na hasara haikumwangukia yeye. Kaka yangu hakuwa na ofisi kama hiyo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nami sikulijua wakati ule. Kampuni ya Tether inayotoa USDT inaweza kuzuia anwani fulani isitumie sarafu zake, na imefanya hivyo mara nyingi kwa ombi la vyombo vya sheria. Maana yake ni kwamba fedha zilizoibwa zinaweza kuzuiwa iwapo mwizi hajazihamisha na iwapo kuna polisi wa kupeleka ombi. Pengine zetu zingekuwa zimeshahamishwa. Lakini kimya chetu kiliondoa hata bahati hiyo ndogo.

Mwizi hupita wapi?

Nikisoma visa hivi kwa mpangilio wa miaka, naona kwamba hesabu zenyewe za sarafu hazivunjwi mara nyingi. Kinachovunjwa ni imani ya mtu kwa kile anachokiona.

Programu iliyomwibia kaka si ngeni. Mwaka 2017 kampuni ya Kaspersky ilieleza juu ya CryptoShuffler, iliyosubiri mtu anakili anwani ya pochi kisha ikaweka ya mwizi. Haikuhitaji nywila yoyote. Dawa yake ni ndogo lakini inachosha: baada ya kubandika, linganisha anwani yote, si herufi za mwanzo na za mwisho tu, kwa sababu wezi hutengeneza anwani zinazofanana ncha. Kisha tuma kiasi kidogo kwanza, mpokeaji athibitishe kwa sauti, ndipo utume kilichobaki.

Hata matajiri hudanganywa na kioo. Februari 2025 soko la Bybit liliibiwa sarafu za thamani ya dola bilioni 1.5 hivi, na FBI ya Marekani ikasema waliofanya ni wadukuzi wa Korea Kaskazini. Waliotakiwa kuidhinisha muamala waliona kwenye skrini muamala wa kawaida, kumbe wanaidhinisha mwingine. Tofauti yao na kaka ni idadi ya sufuri.

Mwezi huohuo Kaspersky ilieleza programu hasidi nyingine, SparkCat, iliyojificha ndani ya programu za simu, hata katika maduka rasmi ya Google na Apple. Ilisoma picha zilizomo katika simu ikitafuta yale maneno 12 au 24. Kwa hiyo aliyepiga picha maneno yake "asije akasahau" amemwandikia mwizi barua. Yaandikwe kwenye karatasi, yawekwe mahali pakavu penye usalama, na nakala nyingine iwe nyumba nyingine. Tukumbuke Soko Kuu: karatasi moja mahali pamoja ni sanduku la kibandani.

Njia nyingine ni laini ya simu. Mwizi humshawishi wakala ampe laini mpya yenye namba yako, kisha ujumbe wa uthibitisho unamfikia yeye. Ndiyo maana ni afadhali namba za uthibitisho zitoke kwenye programu maalumu ndani ya simu kuliko kwenye ujumbe mfupi. Barua pepe nayo ilindwe kwa nywila yake peke yake, kwa kuwa anayeishika barua pepe yako anaweza kuomba nywila zako nyingine zote zibadilishwe.

La mwisho ni wizi wa pili. Wiki mbili baada ya hasara yetu, mtu asiyejulikana alimwandikia kaka kwamba anaweza "kuzirudisha" fedha akilipwa kwanza dola 100. Kaka alikaribia kulipa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini aliyeibiwa mara nyingi hufanya kinyume: hushika unyasi wowote.

Hitimisho

Kaka aliuza pikipiki yake, na deni lililobaki alikatwa mshahara kwa miezi saba. Siku aliyomaliza, tajiri wake, mzee wa Buyenzi aliyepoteza kibanda mwaka 2013, alimwambia, "Mwanangu, soko lilipoungua tulilia pamoja, na kila mtu aliuona moshi. Wewe umeungua peke yako, nami nikadhani umenila."

Nadhani mzee alisema kwa sentensi mbili nilichojaribu kusema kwa kurasa hizi. Hasara ya mtandaoni haina moshi. Haina shahidi kama ng'ombe wa ubugabire, haina kitabu kama akaunti ya benki, na pale penye marufuku haina hata mlalamikaji. Kenya mwaka 2025 ilipitisha sheria ya kuwasimamia watoa huduma za sarafu hizi. Burundi inaweza kuchagua njia hiyo au kubaki na marufuku yake. Lakini kwa njia yoyote itakayochagua, aliyeibiwa aruhusiwe kusema ameibiwa bila kuogopa kwamba yeye ndiye atakayefungwa.

Leo katika lile duka, kompyuta ya malipo haichomekwi flashi ya mtu, na malipo ya ng'ambo yamerudi benki, ingawa hungoja wiki nyingi. Kila namba ya akaunti husomwa kwa sauti na watu wawili kabla ya kutuma. Wateja huwacheka. Mimi naona wamerudisha shahidi mahali palipokuwa hapana.