Sime na Ala Yake

Katika silaha zote ambazo watu wa Afrika ya Mashariki wamezichukua toka zama za kale, hapana iliyoandamana na mwili wa mwanamume kama sime. Maana mkuki huegeshwa mlangoni, upinde hutundikwa penye moshi, na mshale ukisha kutoka huenda usirudi tena, lakini sime hufungwa kiunoni alfajiri pamoja na nguo, haifunguliwi mpaka mwenyewe alale, na hata hapo huwekwa mahali ambapo mkono utaufikia mpini gizani bila ya kupapasa. Wasafiri na mabwana wa serikali walioandika habari za nchi hizi waliusifu sana ubapa wa sime, wakaupima na kuuchora, ilhali ala yake waliipitia kwa neno moja au mawili. Mimi naona kinyume. Sime iliyotoka kwa babu ikamfikia mjukuu ingali na makali, imedumu kwa ajili ya ala na kwa ajili ya ada zilizoizunguka ala hiyo. Na mhunzi aliyeifua, pamoja na umahiri wake wote, alifanya nusu ya kazi tu.

Visu vimeingia katika taarikh ya pwani yetu mapema sana, kabla haujajengwa hata mji mmoja wa mawe. Yule Myunani aliyeandika, katika karne ya kwanza baada ya Nabii Isa, kitabu cha tijara ya Bahari ya Hindi kijulikanacho kwa jina la Periplus, ataja kwamba watu wa Muza, bandari ya Yemeni, walipeleka Rhapta, soko la pwani yetu, mikuki iliyofanywa makusudi kwa soko hilo, na mashoka, na visu vifupi, na maharazi. Neno hili la mwisho wasomaji wengi hulipita, nami hulisoma kwa furaha, kwa kuwa maharazi ndiyo chombo cha kutobolea ngozi, na palipo na kisu na maharazi katika shehena moja yaelekea palikuwa na mtu aliyeketi kivulini akishona ala. Zaidi ya miaka 800 baadaye al-Mas'udi, mwandishi wa Kiarabu ambaye alisafiri katika bahari hii kwa nafsi yake, aandika kwamba Wazanji, yaani watu weusi wa pwani hii, walijipamba kwa chuma mahali pa dhahabu na fedha. Na Sharif al-Idrisi, katika kitabu alichokitimiza mwaka 1154 kwa ajili ya Mfalme Roger wa Sisilia, auelezea mji wa Malindi kuwa ni mji wa wawindaji na wavuvi, wenye machimbo ya chuma, na kwamba faida yao kubwa hutoka katika chuma hicho. Al-Idrisi hakufika huku, bali alikusanya aliyoyasikia kwa mabaharia. Hata hivyo mavi ya chuma yaliyofukuliwa Shanga na Manda, katika visiwa vya Lamu, na Galu, kusini ya Mombasa, yashuhudia kwamba nyundo za wahunzi zililia katika pwani hii tangu kale, na kwamba visu vya watu wa hapa havikutoka vyote ng'ambo.

Bara nako elimu ya chuma ilikuwa kongwe na ya namna nyingi. Katika Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, chuma kiliyeyushwa zaidi ya miaka 2000 iliyopita, na wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani waliijenga tena tanuri yao mbele ya wataalamu katika miaka ya 1970, nao wataalamu hao wakaona kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuri iliipasha moto hewa kabla haijafika penye mkaa, na kwa hila hiyo joto likapanda mno. Wafipa walijenga matanuri marefu kuliko kimo cha mtu, yaliyovuta upepo yenyewe pasipo mivukuto. Wakikuyu hawakuchimba mwamba, bali waliosha mchanga mweusi wa mitoni mpaka ukabaki ule mzito wenye chuma, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Katika njia zote hizi kilichotoka tanurini hakikuwa chuma cha maji kama kile cha viwanda vya leo, bali bonge lenye matundu na taka, ambalo mhunzi alilichoma na kulipiga, akalikunja na kulipiga tena, hata taka zikaruka na chuma kikashikana. Chuma hicho aghalabu kilikuwa laini; makali yake yalikuja upesi na kufa upesi, na mtu aliyekitegemea porini hakuwa na budi kujua kunoa kabla ya kujua kuwinda.

Ama heshima ya wahunzi, jambo hili lilitofautiana mno kutoka kilima hata kilima. Huko Ugweno, kaskazini ya milima ya Upare, Washana, ambao ni ukoo wa wahunzi, ndio walioshika utawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya, na chuma cha Ugweno kilitafutwa na Wachaga wa Kilimanjaro ambao nchi yao haikuwa nacho. Lakini kwa Wamasai, wahunzi waitwao Ilkunono walitengwa, hawakuoana na watu wengine, na kraali zao zilikuwa mbali, ingawa hapana moran, yaani kijana wa vita, ambaye angeweza kusimama mbele ya simba pasipo kazi ya mikono yao. A. C. Hollis, aliyechapisha kitabu chake juu ya Wamasai mwaka 1905, aeleza kwamba Mmasai alipochukua mkuki au sime iliyokuwa mkononi mwa mhunzi, kwanza alijipaka mafuta mkononi. Sababu ilikuwa kujikinga na unajisi uliodhaniwa kuwamo katika mikono ya mhunzi, na dhuluma iliyomo katika dhana hiyo haifichiki. Lakini tazama jinsi ada ilivyofanya kazi ambayo wenyewe hawakuinuia, maana chuma kipya, kilichotoka kusuguliwa na ambacho kutu hukirukia kwa unyevu wa jasho tu, kiliguswa na mwenyewe mara ya kwanza kwa mkono wenye mafuta.

Sime ya bara ina umbo lake ambalo mtu akiliona mara moja halimpotei. Ubapa huanza mwembamba karibu na mpini, huenda ukipanuka pole pole hata karibu na ncha, kisha huchongoka; una makali pande mbili, na katikati hupita mgongo ulioinuka, ambao huupa nguvu bila ya kuuongezea uzito. Mpini ni mfupi, mwembamba, umevikwa ngozi, wala hauna kikingio cha mkono. Kwa kuwa uzito umepelekwa mbele, sime hupiga mfano wa shoka dogo, ndiyo sababu ilifaa kukata miiba ya boma na kuvunja mfupa wa paja, si vita peke yake. Wamasai kwa desturi yao hawakula nyama ya mwitu, na sime yao iliwinda simba na kulinda ng'ombe. Bali kwa Wakamba, na kwa Wandorobo wa misitu ya Mau ambao ndio waliowapatia Wamasai ngozi za nyati za kufanyia ngao, ilikuwa chombo cha riziki. Mwindaji wa mishale ya sumu alizifuata nyayo za mnyama mpaka pale alipoanguka, na kazi yake ya kwanza hapo ilikuwa kukata na kutupa nyama iliyozunguka jeraha la mshale, kabla ya kuchuna na kugawa. Kisu butu katika kazi hiyo hupasua ngozi na kuiharibu, na ngozi ilikuwa nusu ya thamani ya windo.

Sasa nitulie kidogo katika ala, maana hapa ndipo penye ustadi uliosahauliwa. Fundi alichonga mbao mbili nyembamba za mti mwepesi usio na utomvu, akazikwangua ndani zikafuata umbo la ubapa, kisha akazikutanisha na kuzivika ngozi mbichi iliyolowekwa majini, akaishona upande wa nyuma kwa ukanda mwembamba au kwa kano huku ingali imelowa. Ngozi ilipokauka ilijikaza juu ya mbao kwa nguvu ambazo gundi haiwezi, ikawa ngumu kama pembe, na mshono ukazama ndani yake. Mbao zile hazikuwekwa kwa ajili ya ugumu tu: zilizuia makali yasiuguse mshono, kwa kuwa ala ya ngozi tupu hukatwa na kisu chake mwenyewe kidogo kidogo kila kinapoingia na kutoka, hata siku moja ncha ikatokea pajani mwa mwenyewe. Tena zilikitenga chuma na ngozi, ambayo haikosi chumvi ya mwili wa mnyama. Na kwa kuwa sime ni pana zaidi karibu na ncha, mdomo wa ala hauna budi kuwa na nafasi ya kuupitisha upana huo, nafasi ambayo fundi huipima kwa makini sana. Ikizidi, sime huchomoka mwindaji anapoinama chini ya miti, na ikipungua, hukwama saa ambayo haifai kukwama. Mwisho ala ilipakwa rangi nyekundu, ikatiwa mkanda, na Wamasai wakaivaa upande wa kulia.

Pwani tulikuwa na ala za fahari kuliko hizi. Jambia za Waarabu na watu wakubwa wa Unguja na Lamu ziliingia katika ala zilizopinda, zenye nyuzi za fedha na nakshi, nazo zilivaliwa siku za harusi na barazani. Kisu cha namna hiyo hakikuchuna paa. Mwindaji wa pwani, maadamu ni Mwislamu, alikuwa na haja nyingine iliyomfanya akitunze kisu chake zaidi ya watu wote: sheria yamtaka, akimkuta mnyama aliyempiga angali na uhai, amchinje kwa chombo kikali, upesi, na Mtume ametufunza kukinoa kisu na kumpunguzia mnyama adha, wala kisinolewe mbele ya macho yake. Basi kisu kilinolewa nyumbani, kikafika porini kingali kikali, na kilichoyahifadhi makali yale katika safari yote ya vichaka na michanga ni ala. Ala mbovu ilimnyima mtu kitoweo cha halali.

Matunzo yenyewe yalikuwa machache, lakini hayakuachwa. Sime iliyochinja iliondolewa damu siku ile ile, kwa kuwa damu ina chumvi na hula chuma usiku mmoja. Ikafutwa kwa majani au kitambaa, ikakaushwa kwa upepo, wala haikuwekwa juu ya moto, kwa sababu moto huyaua makali. Haikurudishwa katika ala iliyolowa. Huku pwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, wazee waliichomoa katika masika kila baada ya siku chache, wakaipaka mafuta ya nazi au ya ufuta. Bara walitumia mafuta ya nyonyo au ya kondoo. Kunoa kulifanywa kwa jiwe laini la mtoni na maji, pande zote mbili kwa kadiri moja, maana atakayeelemea upande mmoja huupinda ukingo wa makali. Cherehe ya mnoaji wa mtaani ilikuja baadaye, nayo ni ya haraka, lakini ikikandamizwa hukichoma chuma kwa msuguo. Na ubapa ukionyesha rangi ya samawati karibu na makali, ujue ugumu wake umekwisha kupotea.

Zama za matanuri zilikwisha kwa muda mfupi mno. Senyenge na chuma cha Ulaya vilishuka bei, mhunzi akaona hapana faida ya kuchoma msitu kwa bonge moja. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, na ya Wajerumani toka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, chuma cha wageni kilifika hata mlangoni pa waliokuwa wakikiyeyusha wenyewe. Kisha zikaja springi za motokaa, ambazo wahunzi wa Kenya na Tanzania wanazifua hata leo, na kwa insafu niseme kwamba springi ni chuma cha pua kizuri, kinachoshika makali kuliko chuma chote cha mchanga. Uwindaji nao ulibanwa na sheria: watu waliorithi uta kwa baba zao waliitwa majangili, na wakati wa kuwaondoa wawindaji katika mbuga ya Tsavo, Kenya, katika miaka ya 1950, Wakamba na Waliangulu wengi walifungwa. Tanzania ilisimamisha uwindaji mwaka 1973 kwa miaka kadhaa, Kenya ikaupiga marufuku mwaka 1977. Sime ikabaki kwa wachungaji, kwa walinzi wa usiku, na katika maduka ya watalii, ambako ala nyingi zina shanga nyingi nje na hazina mbao ndani.

Nawaomba wale ambao wana sime ya mzee wao darini au nyuma ya kabati waichomoe wiki hii. Wasiisugue kwa msasa, kwa kuwa msasa utafuta alama za nyundo ambazo ndizo ushahidi wa mkono wa mhunzi. Waifute kwa kitambaa chenye mafuta, mara kwa mara, mpaka kutu ilegee, kisha waizungushie nguo kavu na kuiweka kando ya ala, si ndani yake. Ala wasiiloweke wala wasiianike juani. Vumbi lipanguswe, na ngozi iliyofunguka mshono ifungwe kwa uzi tu. Halafu wamwulize aliye mkubwa katika ukoo: sime hii ilifuliwa na nani, wapi, na ala yake alishona nani? Jibu liandikwe katika karatasi na kuwekwa pamoja nayo, na asiye na mahali pa kuitunza aipeleke pamoja na karatasi hiyo katika makumbusho yaliyo karibu naye.