Giorgio Gaslini: Mpiga Piano wa Milango Mingi

Karibu na mwisho wa filamu ya Michelangelo Antonioni, La notte, karamu ya tajiri mmoja wa viwanda imekwisha. Kunapambazuka, wageni wengi wametawanyika, lakini bustanini bendi ya watu wanne bado inapiga, kana kwamba hakuna aliyewaambia kuwa shughuli imeisha. Kiongozi wao si mwigizaji. Ni Giorgio Gaslini, mpiga piano wa Milano, na ndiye aliyetunga muziki wa filamu hiyo ya 1961. Antonioni hakupenda muziki unaomshika mtazamaji mkono na kumwonyesha mahali pa kulia, basi bendi ikawekwa ndani ya kisa chenyewe. Tunasikia kile wanachosikia wageni, na kama wageni, tunapiga soga juu yake.

Gaslini alizaliwa Milano tarehe 22 Oktoba 1929. Utoto wake wote ulipita chini ya Mussolini, katika nchi ambamo jazi ilitazamwa kwa jicho baya kama muziki wa watu weusi na wa Marekani. Ajabu ni kwamba hata mtoto wa dikteta mwenyewe, Romano, alikuja kuwa mpiga piano wa jazi. Baba yake Gaslini naye, Mario, alikuwa mwandishi wa riwaya za makoloni ya Italia barani Afrika. Jambo hilo nalikumbuka kila ninapoona jina la kazi ambayo mwanawe aliitoa mwaka 1970: Colloquio con Malcolm X, yaani mazungumzo na Malcolm X, mpigania haki wa Wamarekani weusi.

Alianza kupiga mbele ya watu akiwa bado mvulana. Kisha akapita chuo cha muziki cha Milano, akatoka na ujuzi wa kutunga na wa kuongoza okestra. Wakati ule mtu wa chuo na mtu wa klabu za usiku hawakuamkiana. Yeye alikuwa wote wawili.

Mwaka 1957, katika tamasha la jazi la Sanremo, alipanda jukwaani na bendi ya watu wanane, wakiwa na kazi iitwayo Tempo e relazione. Msomaji aliyekulia na bendi kama Morogoro Jazz au Western Jazz atahitaji kusahau kidogo jinsi neno jazi lilivyotumika kwetu, maana hapa hapakuwa na rumba wala gitaa la solo. Oktavu moja ya piano ina sauti 12: vibonyezo saba vyeupe na vitano vyeusi. Kwa kanuni aliyoibuni Arnold Schoenberg, mtunzi huzipanga zote 12 katika foleni, na sauti iliyokwisha kupita hairudi mpaka wenzake wote wapite. Hivyo hakuna sauti inayokuwa mwenye nyumba huku nyingine zikiwa wageni. Kanuni hiyo kali ndiyo Gaslini aliyoikutanisha na jazi, muziki ambao wapigaji wake huzoea kubuni papo hapo. Kwa sikio langu, sehemu nyingine zina ukavu wa mtihani wa chuo. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa, na mwaka 1966 santuri yake New Feelings iliwakusanya wanajazi Don Cherry, Steve Lacy, Gato Barbieri na Enrico Rava, kila mmoja na lugha yake.

Wazo lake alilipa jina la musica totale, muziki mzima, na mwaka 1975 akalitungia kitabu. Mimi naliona kwa urahisi zaidi nikitazama alikokwenda kupiga kuliko nikisoma nadharia. Miaka ile viwanda vya Italia vilikuwa vikiwaka migomo. Gaslini alipeleka piano katika viwanda, vyuo vikuu na hospitali za wagonjwa wa akili. Moja ya santuri zake inaitwa Fabbrica occupata, kiwanda kilichotekwa na wafanyakazi wake.

Mlango mgumu kuliko wote ulikuwa wa chuo cha muziki cha Santa Cecilia, Roma. Mwaka 1972 alianzisha humo masomo ya jazi, na vijana wakafurika. Miongoni mwa waliofika alikuwamo Massimo Urbani, kijana wa mitaa ya pembezoni mwa Roma, aliyezaliwa 1957, mwenye saksafoni iliyowaka kuliko umri wake. Gaslini hakungoja cheti. Alimtia kwenye bendi yake akiwa bado kijana mdogo. Urbani alifariki mwaka 1993, akiwa na miaka 36 tu.

Sinema ilimpa pia kichekesho. Kwa filamu ya Profondo rosso ya Dario Argento, 1975, alianza yeye kuandika muziki, wakapishana na mwongozaji, na bendi ya vijana wa roki, Goblin, ikaitwa kumalizia. Wimbo wao mkuu ndio uliovuma Italia nzima. Vipande vya Gaslini vimo humo humo, na wengi huvisikia bila kujua ni vya nani.

Aliendelea mpaka uzeeni. Alifariki Julai 2014. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, alitoa santuri ya muziki wa mwanajazi Thelonious Monk na nyingine ya mtunzi wa klasiki Robert Schumann, kwa heshima ileile. Ninayoirudia mimi ni Ayler's Wings ya 1991, akiwa peke yake na piano. Albert Ayler alipiga saksafoni kwa kilio kinachoteleza katikati ya sauti na sauti, na piano haiwezi kuteleza: kila kibonyezo kimefungiwa sauti yake. Kwa hiyo Gaslini anaminya vibonyezo jirani kwa pamoja, anaugonga wimbo wa Ayler kama kengele ya kanisa la kijijini, kisha anaacha mwangwi wake ufifie wenyewe.