Kwani Mlikuwepo? Giza Limejibu

Kuna swali moja hurushwa kila mtu akigusia mambo ya mwanzo wa ulimwengu: "Kwani mlikuwepo?" Mara nyingi anayeuliza hatafuti jibu. Anataka tu unyamaze, stori iishe hapo. Lakini mimi naliona ni swali la haki kabisa, juu historia bila ushahidi ni porojo. Kwa hivyo leo tulijibu, na tutumie kesi moja tu: historia ya gesi iliyoko kati ya galaksi na galaksi. Hiyo gesi haionekani kwa macho. Tumeijua kupitia mwanga ambao haukufika.

Tuanze 1963. Maarten Schmidt, mwanaanga aliyekuwa akifanya kazi Caltech kule California, alikuwa na picha ya mwanga wa kitu kinachoitwa 3C 273. Kwa darubini kinaonekana kama nyota ya kawaida. Ukiupasua mwanga wake ukatawanyika rangi rangi kama upinde wa mvua, unaona alama ambazo hakuna aliyezielewa. Schmidt akagundua ni alama za haidrojeni ya kawaida tu, ila zimesogea upande wa mwekundu kwa karibu asilimia 16. Maana yake ni kwamba mwanga huo umevutwa na ulimwengu unaotanuka, na umesafiri takriban miaka bilioni 2. Ili kitu kilicho mbali hivyo kionekane, lazima kiwe kinawaka kupita galaksi nzima. Hizo ndizo kwasari. Leo tunajua kila moja ni shimo jeusi kubwa ajabu katikati ya galaksi, likimeza gesi ambayo huwaka kabla haijapotelea ndani.

Kwa stori yetu kwasari ni tochi tu. Shida yetu ni kilicho katikati ya tochi na sisi.

Sasa skiza venye hii kitu inafanya kazi. Atomi ya haidrojeni ikiwa bado na elektroni yake hupenda kumeza mwanga wa urefu mmoja hasa, nanometa 121.6, ambao wataalamu huuita Lyman-alfa. Mwanga wa kwasari nao hutoka na urefu wa kila aina, na unavyosafiri unaendelea kuvutwa, unarefuka polepole. Kwa hivyo kila kipande cha mwanga kilichoanza kikiwa kifupi kuliko 121.6 kitafika mahali fulani njiani ambapo urefu wake ni 121.6 kamili. Hapo kukiwa na haidrojeni, kinamezwa. Pasipokuwa nayo, kinapita.

Fikiria basi linalotoka Mombasa kuja Nairobi. Kila abiria ana tiketi ya stage moja tu: huyu Voi, yule Mtito Andei, mwingine Emali. Kama stage yake imefungwa, anabaki kwa kiti hadi Nairobi. Basi likifika, wewe huna haja ya kuwa ulikuwa ndani. Angalia viti vilivyo vitupu, linganisha na tiketi, utajua stage gani ilikuwa wazi. Mwanga wa kwasari husomwa hivyo hivyo. Pengo likiwa mahali fulani kwenye rangi, unajua gesi ilikuwa umbali gani, na umbali kwa mambo ya anga ni tarehe.

1965 Schmidt akapima kwasari nyingine, 3C 9, ambayo mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni 10. Hapo hapo Caltech kulikuwa na vijana wawili, James Gunn na Bruce Peterson. Gunn alikuwa na miaka 26 hivi. Wakapiga hesabu: kama nafasi kati ya galaksi imejaa haidrojeni yenye elektroni zake, basi upande mmoja wa mwanga wa 3C 9 unafaa kuwa giza tupu. Si pengo moja hapa na lingine pale, ni shimo refu. Yaani stage zote ziko wazi na basi limefika bila abiria. Uingereza nako, mwaka huo huo, Peter Scheuer alifikia wazo hilo kivyake.

Wakaangalia 3C 9. Shimo halikuwepo. Mwanga ulikuwa umepungua kiasi, lakini ulipita.

Hapa ndipo nawapenda hawa watu. Hawakusema hesabu ni mbovu, na hawakulazimisha mwanga useme walichotaka. Walisema: kama haidrojeni ipo, basi karibu yote imeshapokonywa elektroni, kwa hivyo haiwezi tena kumeza mwanga huo. Kuna kitu kiliichoma. Lakini kama ilichomwa, basi kuna wakati ilikuwa bado haijachomwa. Ukiangalia mbali zaidi, nyuma zaidi, shimo linafaa kutokea.

Kungoja kukaanza. Kila miaka michache ukurasa mmoja ulifunguka. 1971 Roger Lynds alichunguza kwasari iitwayo 4C 05.34, ya mbali kushinda 3C 9, akakuta mapengo membamba mengi yamesongamana upande ule ule. Wanaanga baadaye wakauita msitu wa Lyman-alfa, juu kwenye mchoro mistari yake inasimama kama miti. Wengine wakabisha: pengine hayo mawingu ya gesi yametemwa na kwasari yenyewe, hayako njiani. Ubishi ukaendelea hadi 1980, wakati Wallace Sargent, Alec Boksenberg na wenzao walipolinganisha kwasari kadhaa na kuonyesha kwamba mawingu yametawanyika katikati ya safari. Tena, ukienda nyuma zaidi msitu unazidi kuwa mnene. Hiyo inaingia akilini: zamani ulimwengu ulikuwa umebanana, gesi ilikuwa nzito. Kadiri unavyotanuka, miti inapungua.

Halafu 1991 darubini ya Hubble ikiwa angani ikaangalia 3C 273, ile ya kwanza, jirani yetu. Ilibidi itumike Hubble kwa sababu kwa kitu cha karibu hivyo mapengo huangukia kwenye miale ya urujuanimno, ambayo hewa ya dunia huizuia. Watu walitarajia karibu hakuna mti. Wakapata mingi kuliko makadirio. Maelezo yaliyokuja ni kwamba kwasari zenyewe zimepungua tangu enzi zao, miaka kama bilioni 10 iliyopita, kwa hivyo mwanga mkali wa kuchoma gesi umepungua pia, na kukata msitu kukapunguza kasi.

Na lile shimo? James Gunn hakukaa tu akingoja. Alikuwa mmoja wa viongozi wa mradi wa Sloan, uliopima anga kwa darubini ya New Mexico, na kamera yake kubwa ni yeye aliyeisanifu. Kamera hiyo ndiyo ilisaidia kupata kwasari za mbali ambazo hazikuwa zimewahi kuonekana. 2001, Robert Becker, Xiaohui Fan na wenzao waliielekeza darubini ya Keck, Hawaii, kwa mojawapo, ambayo mwanga wake ulitoka wakati ulimwengu haujafikisha miaka bilioni 1. Wakakuta kipande kirefu ambacho mwanga wake ni sufuri. Miaka 36 baada ya hesabu ya wale vijana wawili, giza likafika.

Lakini tusikimbilie kupiga vigelegele. Haidrojeni humeza vikali mno, kiasi kwamba hata atomi moja kati ya 10,000 ikibaki na elektroni yake, shimo litatokea. Kwa hivyo giza la 2001 halikuthibitisha kwamba gesi yote ilikuwa bado haijachomwa. Lilionyesha kwamba mambo yalikuwa yanabadilika. Ilibidi watu waendelee kupima, na 2022 kundi lililoongozwa na Sarah Bosman likatumia kwasari 67 kuonyesha kwamba uchomaji huo, uliofanywa hasa na mwanga wa nyota na galaksi za mwanzo, uliisha kama miaka bilioni 1.1 baada ya Mlipuko Mkuu. Ulichelewa kuliko wengi walivyokuwa wakifikiri.

Sasa turudi kwa swali letu. Kwani mlikuwepo? Hapana, hakuna mtu alikuwepo. Lakini mwanga ulikuwepo, ukapita njia yote, na ukafika na viti vitupu vinavyoweza kuhesabiwa. Na muhimu zaidi, stori ilisemwa kabla ya ushahidi kuja. Kama kwasari za mbali zingeonyesha mwanga mzima bila shimo lolote, Gunn na Peterson wangekuwa wamekosea na kila mtu angejua. Kwangu hiyo ndiyo tofauti ya historia na porojo: historia hukubali kuwekwa mahali inaweza kushindwa.

Ndiyo maana sipendi tunavyofundishana kwamba kukosa ni kufeli. Ile 1965 hawakupata walichotafuta, na huko kukosa ndiko kulikotuambia kwamba gesi ilichomwa. Mtu akikuuliza tena kama ulikuwepo, usikasirike. Muulize na yeye: stori yako wewe, ni kitu gani kikionekana kesho utakubali kwamba si kweli?

Nangoja majibu yenu.