Mnaso wa Opera

Miongoni mwa istilahi za sanaa za maonyesho zilizotungwa kwa haraka na kuidhinishwa kwa haraka zaidi, ni chache zenye ila nyingi kama "filamu ya opera ya moja kwa moja", jina ambalo orodha fulani imelipa onyesho la opera linalochukuliwa na kamera wakati uleule waimbaji wanapoimba. Urefu wake unaweza kuvumiliwa. Kisichovumilika ni kwamba neno filamu limetangulizwa, ilhali filamu ya opera ni kitu kingine kabisa. Katika Otello ya Verdi iliyoongozwa na Franco Zeffirelli mwaka 1986, sauti zilirekodiwa kwanza studioni, kisha waimbaji wakaigiza mbele ya kamera wakizifuatisha kwa midomo, na mwongozaji akawa huru hata kuuondoa wimbo ambao Desdemona huuimba kabla ya kuuawa.

Istilahi inayotetewa hapa ni mnaso. Imetokana na kunasa, kitenzi cha wategaji wa ndege, kwa njia ileile iliyozaa mtego kutokana na kutega na mchezo kutokana na kucheza, nacho kitenzi chenyewe kilikwisha kuvuka kutoka porini hadi kwenye mitambo pale kilipoundwa kinasa sauti. Aliyenasa hakukiumba alichokinasa, bali alikikuta kikiwa na uhai wake na mwendo wake. Pingamizi kwamba neno la mtegoni halistahili sanaa tukufu limetoka kwa wajumbe wa kamati ya istilahi ambao, bila shaka, hawajawahi kuona aibu kuwekewa kinasa sauti vikaoni.

Wapo wanaopendekeza "opera mubashara", na hoja yao inastahili jibu, tofauti na ile ya "opera hai", ambayo yaelekea kudai kwamba opera nyingine zote ni maiti. Mubashara ni neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na bashara, yaani ngozi, na maana yake ya awali ni kugusana ngozi kwa ngozi, ndipo ikaja maana ya kufanya jambo bila kitu cha kati. Kutoka mzizi huohuo Kiswahili kimepata pia kubashiri. Uzuri wa nasaba hii haukanushiki. Hata hivyo, mubashara ni sifa ya matangazo, nayo hukoma matangazo yanapokoma, ilhali mnaso hubaki kuwa mnaso hata ukitazamwa miaka thelathini baadaye.

Mfano unaokata shauri ni Tosca ya Puccini iliyotendwa Roma tarehe 11 na 12 Julai 1992 na kurushwa na televisheni katika nchi zaidi ya 100. Kila tendo lilichezwa mahali palipotajwa katika opera yenyewe: la kwanza mchana katika kanisa la Sant'Andrea della Valle, la pili usiku katika Palazzo Farnese, la tatu alfajiri juu ya Castel Sant'Angelo. Catherine Malfitano, Plácido Domingo na Ruggero Raimondi waliimba papo hapo, huku okestra iliyoongozwa na Zubin Mehta ikipiga mahali pengine mjini, na waimbaji wakimfuata kiongozi wao kwenye skrini. Hapakuwa na jukwaa wala pazia, na kwa sababu hiyo wapo walioiita filamu. Lakini koo lingekwaruza, lingekwaruza mbele ya walimwengu, wala pasingekuwa na nafasi ya kurudia. Hapo ndipo mpaka ulipo, wala si kwenye mbao za jukwaa.

Ama neno linalotaja aina ya opera yenye mwisho wa huzuni kama Tosca, yaani tanzia, ambalo tangu zamani ni taarifa ya kifo, lisiguswe. Aliyependekeza "opera ya msiba" hakutambua kwamba msiba tayari umo ndani yake. Katika matumizi, wingi ni minaso, na Tosca ya 1992 iandikwe mnaso wa opera ya tanzia.