Mlima wa Ghisallo na Mama wa Wapanda Baiskeli

Ni nani kati yetu asiyeijua taabu ya baiskeli mlimani? Mkatekista anayekwenda kufundisha vijiji vya mbali, mchuuzi mwenye mikungu ya ndizi na dumu la mafuta, wote hufika mahali ambapo kinga, kama wengi wetu tunavyoiita, haipandi tena. Hapo hushuka, huinama, huisukuma kwa jasho. Basi, nataka kuwaeleza habari za mlima mmoja wa Italia, ambako taabu hiyo ina kanisa lake.

Mlima huo huitwa Ghisallo. Uko kaskazini mwa Italia, juu ya ziwa la Como, katika nchi ya malisho, misitu na vijiji vidogo. Lakini kabla ya barabara yafaa tuijue kwanza barafu, maana ndiyo iliyoifanya nchi ile. Wakaaji wa chini ya Ruwenzori wameiona barafu kileleni, ingawa siku hizi inapungua mwaka kwa mwaka. Hapo kale, yapata miaka 20 000 iliyopita, barafu ya milima ya Alpi ilikuwa na unene wa mamia ya mita, nayo ilishuka mabondeni polepole kama mto mzito. Ilikwangua miamba kama randa ya seremala inavyokwangua ubao. Ilipofika mahali paitwapo leo Bellagio iligawanyika njia mbili. Kwa hiyo ziwa la Como lina miguu miwili kama mtu aliyesimama. Kina chake chapita mita 400, hata sakafu yake iko chini kuliko usawa wa bahari.

Kati ya miguu hiyo miwili ndipo ulipo mlima wetu. Miamba yake ni ya chokaa, lakini hapa na pale pameketi jiwe kubwa la namna nyingine kabisa, kama mgeni asiye na ukoo. Barafu ililibeba kutoka mabonde ya mbali, ikayeyuka, ikaliacha.

Sasa barabara. Kutoka Bellagio mpaka kilele, kilicho mita 754 juu ya bahari, mpanda baiskeli hupanda zaidi ya mita 500 katika kilometa zisizofika 11. Mwanzo ni mkali. Katikati njia inatulia, hata inateremka kidogo, na moyo hudhani kazi imekwisha. Kisha mlima unainuka tena. Mashindano makubwa ya Lombardia yalianza mwaka 1905, na mwaka 1919 yalipita Ghisallo kwa mara ya kwanza.

Juu kabisa pana kanisa dogo. Wazee wa huko husimulia kwamba bwana mkubwa mmoja, jina lake Ghisallo, alishambuliwa na wanyang'anyi, akakimbilia sanamu ya Bikira Maria, akaokoka. Tangu hapo wasafiri walisali pale. Padri Ermelindo Viganò, mchungaji wa mahali pale, alipoona wapanda baiskeli wengi wakipumzika mlangoni, aliomba wapewe Maria awe msimamizi wao. Tarehe 13 Oktoba 1949 Papa Pius XII alikubali.

Ndani ya kanisa hilo zimewekwa baiskeli. Ziko za Gino Bartali na Fausto Coppi, washindani ambao Italia nzima iligawanyika kwa ajili yao. Bartali alishinda mashindano ya Lombardia mara 3, Coppi mara 5. Lakini sifa kubwa ya Bartali haikutoka katika mashindano. Wakati wa vita, mwaka 1943 na 1944, alificha vyeti vya bandia ndani ya baiskeli yake, akavipeleka ili Wayahudi wapate kuokoka. Askari walidhani anafanya mazoezi. Maisha yake yote hakupenda kujisifia jambo hilo; mwaka 2013, yeye akiwa amekwisha kufa, Yad Vashem ya Yerusalemu ilimheshimu kwa ajili yake.

Coppi naye, aliyeishinda milima yote, alishindwa na mbu. Desemba 1959 alikwenda Haute-Volta, ndiyo Burkina Faso ya leo, akarudi na malaria. Waganga wa kwao hawakuitambua, naye akafa tarehe 2 Januari 1960, mwenye miaka 40. Mwenzake Raphaël Géminiani, aliyeugua pamoja naye, alipewa dawa ya malaria, akapona.

Iko baiskeli ya tatu, nayo imevunjika. Ni ya Fabio Casartelli, mtoto wa nchi ile ile ya Como, mshindi wa Olimpiki mwaka 1992. Tarehe 18 Julai 1995, katika mashindano ya Ufaransa, alianguka, akagonga kichwa juu ya jiwe la kandokando ya barabara. Alikuwa na miaka 24, na kichwani hakuwa na kofia ya kinga.

Ndugu zangu, angalieni: Casartelli hakufa akipanda, alikufa akiteremka. Twaogopa kupanda kwa sababu kunatuchosha, na mara nyingi hapo ndipo tunapomkumbuka Mungu. Tukifika juu twasahau, twaachia baiskeli ikimbie na mzigo wake, breki zimekwisha, mtoto ameketi nyuma. Basi ukifika kilele cha mlima wako, simama kidogo kama wale wa Ghisallo. Sali Salamu Maria moja. Kisha jaribu breki zako, ndipo uteremke.