Wazee wa Marekani na Nyumba Zenye Magurudumu: Usiseme Tu Hela Zinawawasha!

Leo tuwape mastaa mapumziko kidogo, tuongelee wazee.

Kama unashinda mtandaoni lazima umeshakutana nao. Babu na bibi wa Kimarekani wamekaa kwenye viti vya kukunja, pembeni ya gari kubwa kama basi. Ndani kuna kitanda, jiko, friji na choo. Wamestaafu, watoto wameshajitegemea. Leo wako hifadhi ya Yellowstone wanaangalia maji ya moto yakiruka kutoka ardhini, wiki ijayo wamepaki uani kwa rafiki waliyefanya naye kazi miaka 30 iliyopita. Sisi huku tunacheka: "Wazungu bwana!" Lakini hii kitu ina historia yake, mtu wangu.

Mwanzoni ilikuwa anasa ya matajiri kweli kweli. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha gari lake pale New York: kiti cha nyuma kinageuka kitanda, sinki inakunjuliwa kutoka nyuma ya kiti cha dereva, na bosi anaongea na dereva wake kwa simu. 1910 hiyo! Mwaka 1915 Yellowstone nayo ikafungua milango kwa magari.

Mzee wa kawaida aliingiaje sasa? Mambo mawili. La kwanza ni pensheni. Sheria ya hifadhi ya jamii ilipita mwaka 1935, na malipo ya kila mwezi yakaanza 1940. La pili ni lami. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alisaini sheria ya kujenga barabara kuu za kuunganisha majimbo, zaidi ya kilomita 60,000. Miaka 10 baadaye, 1966, kampuni ya Winnebago kule Iowa ikaanza kutengeneza magari ya kulala kwa wingi, na mwalimu mstaafu naye akaanza kuota safari.

Na usidhani Afrika haimo. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya matela ya Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town. Wakapita Kenya, wakafika Ethiopia wakaonana na Mfalme Haile Selassie, na mwaka 1960 wakamaliza Misri kwenye mapiramidi. Ndani ya msafara walikuwemo wastaafu. Fikiria tope la barabara zetu za enzi hizo, halafu unavuta nyumba nzima nyuma ya gari!

Sasa hapa ndipo panapouma. Wakati wazungu wanafurahia barabara, Mmarekani mweusi alikuwa na gari, hela ya mafuta anayo, ila hoteli nyingi hazimpokei na kuna miji ambayo jua likizama awe ameshaondoka. Victor Green, mfanyakazi wa posta wa Harlem, akaanza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha kuwaonyesha weusi wapi watalala na wapi watakula kwa usalama. Kiliendelea kuchapishwa mpaka miaka ya 1960. Sheria ya kukataza ubaguzi hotelini ilikuja 1964 tu.

Piga hesabu. Mzee mweusi wa miaka 75 unayemwona leo kwenye gari lake la kulala alikuwa mtoto enzi hizo. Pengine alilala kwenye kiti cha nyuma, baba anaendesha usiku kucha kwa sababu hakuna pa kusimama. Leo anasimama anapotaka, anampikia mkewe chai, anawapigia marafiki: "Tunakuja." Hapo hela haijamuwasha mtu, jamani. Hapo mtu anadai kilicho chake.

Nikajifikiria na sisi. Mzee wetu akipata kiinua mgongo, chote kinaishia kwenye mjengo wa kijijini. Marafiki aliosoma nao Tabora au kufanya nao kazi Tanga anakuja kuonana nao msibani, na mmoja wao ndiye yuko kwenye jeneza.

Gari la kulala sina, na wewe huna. Ila tiketi ya basi ya mzee mmoja kwenda kumsalimia rafiki yake, kweli itatushinda?

Mzee wako ana rafiki gani anamtaja kila siku ila hajamuona miaka? Dondosha komenti hapo chini tusome wote.